Ousmane Sembène na Suala la Hadhira: Safari ya Msanii wa Kisiasa kutoka Riwaya ya Kifaransa hadi Filamu ya Lugha za Kiafrika

1.0 Utangulizi

Ousmane Sembène wa Senegali (1923–2007) hutajwa mara nyingi kuwa baba wa sinema ya Afrika. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini huficha jambo la msingi zaidi. Sembène alipoanza kushika kamera alikuwa anakaribia umri wa miaka arobaini, naye alikuwa tayari mwandishi mwenye jina. Aliiendea sinema kwa sababu vitabu vyake havikuwafikia watu ambao maisha yao ndiyo yaliyokuwa maudhui ya vitabu hivyo. Mkulima, mvuvi, mchukuzi na mama muuza samaki hawakuweza kusoma riwaya iliyoandikwa kwa Kifaransa na kuchapishwa Paris.

Makala hii inajadili maisha ya kisanii ya Sembène kwa kufuata suala hilo moja la hadhira. Hoja yake kuu ni kwamba kila badiliko kubwa katika kazi zake, yaani kutoka riwaya hadi filamu, kutoka Kifaransa hadi Kiwolof, na kutoka fedha za Ufaransa hadi fedha za Kiafrika, lilikuwa jibu kwa swali la nani anasema, anasema kwa lugha gani, na anasikiwa na nani. Makala inaonyesha pia kuwa kila jibu lilikuja na gharama yake. Sinema ilimpa hadhira pana kuliko kitabu, lakini ilimfunga kwa wenye fedha, wenye majumba ya sinema na wenye mamlaka ya kupiga filamu marufuku.

2.0 Malezi ya Msanii: Kutoka Casamance hadi Marseille

Sembène alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Ziguinchor, eneo la Casamance, kusini mwa Senegali. Baba yake alikuwa mvuvi. Elimu yake ya darasani iliishia katika shule ya msingi. Alipohamia Dakar alifanya kazi za mikono, zikiwemo uashi na umakanika. Mwaka 1944 aliingizwa katika jeshi la kikoloni la Ufaransa, miongoni mwa askari wa Kiafrika waliojulikana kwa jina la tirailleurs sénégalais, akatumikia kama dereva wa malori nchini Niger. Mambo haya yana uzito katika tathmini ya kazi zake. Waandishi wengi wa kizazi chake katika makoloni ya Ufaransa walipitia shule za juu na vyuo vikuu, na mfano mkuu ni Léopold Sédar Senghor, mshairi na mwanasarufi ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Senegali. Sembène alitoka upande wa pili wa jamii, na tofauti hiyo ingekuja kujitokeza hadharani miaka mingi baadaye.

Baada ya vita, Sembène alikwenda Ufaransa na kuwa mchukuzi katika bandari ya Marseille. Huko alijiunga na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la CGT na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Alipoumia uti wa mgongo akiwa kazini alipata muda mrefu wa kusoma, na maktaba za wafanyakazi zikawa chuo chake. Alitambua kwamba katika vitabu alivyovisoma Mwafrika hakuonekana, au alionekana kwa macho ya mtu mwingine. Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956. Inamhusu mchukuzi Mwafrika aliyeandika riwaya, kisha mswada wake ukachapishwa kwa jina la mwandishi Mfaransa. Hivyo suala la nani ana haki ya kusema lilikuwepo tangu kitabu chake cha kwanza.

Kazi iliyompa sifa kubwa ni Les Bouts de bois de Dieu, ya mwaka 1960. Riwaya hii inasimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar–Niger uliodumu kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Haina shujaa mmoja. Umma wenyewe ndio shujaa, na sehemu kubwa ya ushindi wao inatokana na wanawake, ambao wanaandamana kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar. Mbinu hiyo ya kuufanya umma kuwa mhusika mkuu ingerudi katika filamu kadhaa alizotengeneza baadaye.

3.0 Kutoka Kalamu hadi Kamera

Senegali ilipopata uhuru mwaka 1960, Sembène alirejea Afrika na kusafiri katika nchi kadhaa za bara hilo. Safari hizo zilimthibitishia kuwa wengi kati ya watu aliowaandikia hawakuwa wasomaji. Aliamua kujifunza sinema, akaenda Moscow na kupata mafunzo katika Studio ya Gorky chini ya mwongozaji Mark Donskoy. Aliporudi alikuwa na msimamo ulio wazi juu ya kazi ya chombo hicho: sinema ingekuwa shule ya jioni kwa watu wazima ambao shule ya mchana haikuwapokea.

Uamuzi huo unaeleweka vizuri zaidi ukilinganishwa na hali ya sinema katika makoloni. Amri ya mwaka 1934, iliyotolewa wakati Pierre Laval alipokuwa waziri wa makoloni wa Ufaransa, ilitaka mtu yeyote anayetaka kupiga filamu katika makoloni ya Afrika apate kibali cha serikali kwanza. Kwa sababu hiyo, Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotengeneza Afrique-sur-Seine mwaka 1955, waliipigia Paris. Mwafrika alikuwa amepigwa picha kwa miongo mingi, lakini hakuruhusiwa kujipiga picha mwenyewe katika nchi yake.

Filamu ya Borom Sarret ya mwaka 1963 ina urefu wa takribani dakika ishirini tu. Inamfuata mwendesha mkokoteni wa farasi katika siku moja ya kazi jijini Dakar. Abiria wake wengi hawana nauli. Fedha kidogo aliyoipata inaishia mikononi mwa mtambaji anayewasifu mababu zake. Mwishowe anambeba mteja aliyevaa vizuri hadi mtaa wa Plateau, walikokuwa wakiishi Wazungu na sasa wanakoishi Waafrika wenye madaraka, ambako mikokoteni imekatazwa. Askari anauchukua mkokoteni, na mteja anatoweka bila kulipa. Mwendesha mkokoteni anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamkabidhi mtoto na kutoka kwenda kutafuta chakula. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na tayari filamu hii inauliza uhuru huo ni wa nani.

4.0 Sauti ya Diouana

Filamu ndefu ya kwanza ya Sembène, La Noire de… (1966), ilitokana na hadithi fupi aliyoichapisha katika mkusanyiko wa Voltaïque mwaka 1962. Diouana, msichana wa Dakar, anapelekwa na waajiri wake Wafaransa hadi Antibes akiamini kuwa atalea watoto na kuiona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na chumba cha kulala. Anapikishwa, anafulishwa, anaonyeshwa kwa wageni, na hatimaye anajiua. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa.

Matukio mawili katika filamu hiyo yanafaa kuchunguzwa kwa karibu. La kwanza ni la barua. Barua inafika kutoka kwa mama yake Diouana. Kwa kuwa Diouana hajui kusoma wala kuandika, mwajiri anamsomea, kisha anaanza kumwandikia majibu bila kumuuliza anataka kusema nini. Diouana anaichana barua hiyo. Kitendo hicho kinabeba kwa ufupi siasa nzima ya Sembène: asiye na herufi husemewa na mwingine, na kukataa kusemewa ndiyo hatua ya kwanza ya uasi. Tukio la pili ni la kinyago ambacho Diouana aliwapa waajiri wake kama zawadi. Kwao kikawa pambo la ukutani. Kabla ya kufa Diouana anakichukua tena. Mwajiri anapokirudisha Dakar, mtoto mdogo anakivaa na kumfuata nyuma mitaani, na Mfaransa yule anaharakisha hatua kama mtu anayekimbia deni.

Hata hivyo, filamu yenyewe haikuukwepa mgongano ilioueleza. Mawazo ya Diouana yanasikika kwa Kifaransa fasaha, lugha ambayo msichana huyo asingeweza kufikiri kwayo. Sauti hiyo si hata ya mwigizaji Mbissine Thérèse Diop, bali ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Mtu aliyekataa kuandikiwa barua alikuwa bado anasemewa katika filamu inayomtetea. Filamu iliyofuata ilikuja kuliondoa tatizo hilo.

5.0 Mandabi: Lugha na Fedha

Mandabi ya mwaka 1968 ndiyo filamu ndefu ya kwanza kuzungumzwa kwa Kiwolof. Ibrahima Dieng, mwanamume asiye na kazi mwenye wake wawili, anapokea hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Kati ya hizo, 2,000 ni zake, 3,000 ni za mama wa kijana huyo, na 20,000 ni za kuwekewa akiba. Posta inataka kitambulisho. Ili kupata kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu, na kila dirisha analosimama mbele yake lina karani anayezungumza Kifaransa. Wakati huohuo habari za hawala zimekwisha kuenea mtaani, na wakopaji wanabisha hodi. Mwishowe ndugu msomi aliyevaa suti anazichukua fedha hizo kwa ujanja wa hati ya uwakilishi. Dieng hakuibiwa na mkoloni. Ameibiwa na jamaa yake anayejua kusoma.

Katika filamu hii lugha yenyewe ni sehemu ya hoja. Mtazamaji wa Dakar aliweza kuelewa kila neno nyumbani kwa Dieng, kisha akahisi mwenyewe ule ukuta unaojengwa na Kifaransa cha ofisini. Kwa mara ya kwanza ni mhusika wa tabaka la chini aliyekuwa mwenyeji katika lugha ya filamu, na ofisi ndiyo iliyokuwa ngeni. Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Venice.

Gharama yake ni kwamba filamu hii ya kwanza ya Kiwolof ilitengenezwa kwa msaada wa mfuko wa sinema wa Ufaransa, na kwa sababu hiyo Sembène alilazimika kutengeneza pia toleo la Kifaransa. Zaidi ya hayo, usambazaji wa filamu katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa ulikuwa mikononi mwa kampuni mbili za Kifaransa, COMACICO na SECMA, ambazo zilijaza majumba ya sinema kwa filamu za kigeni. Mwongozaji Mwafrika aliweza kutengeneza filamu kwa lugha ya watu wake na bado asipate ukumbi wa kuwaonyesha. Ndiyo maana Sembène alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la sinema la Ouagadougou mwaka 1969, ambalo leo hujulikana kama FESPACO. Alikuwa pia na desturi ya kuzunguka na filamu zake vijijini na kujadiliana na watazamaji baada ya maonyesho. Mwaka 1971 alishirikiana na mwanaisimu Pathé Diagne kuanzisha Kaddu, gazeti lililoandikwa kwa Kiwolof.

Kisa cha Dieng kiliwafikia pia wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ilichapisha Hawala ya Fedha, tamthilia ya Amandina Lihamba iliyotokana na hadithi hiyohiyo ya Sembène. Uteuzi huo unaeleweka. Foleni ya dirishani, karani anayemrudisha mtu kesho, na ndugu mwenye elimu anayemgeuka ndugu yake havikuwa vitu vigeni kwa hadhira ya Tanzania ya wakati huo. Tofauti ni kwamba msanii wa Dar es Salaam alikuwa na lugha ya Kiafrika ambayo tayari ilikuwa lugha ya taifa na ya uchapishaji, ilhali Sembène alilazimika kuipigania nafasi hiyo kila mara.

6.0 Msanii na Dola Huru: Xala na Ceddo

Baada ya Emitaï (1971), filamu ya Kidiola kuhusu wanakijiji wa Casamance wanaoficha mpunga wao usichukuliwe na jeshi la Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Sembène aliugeukia moja kwa moja utawala wa baada ya uhuru. Xala, riwaya ya mwaka 1973 iliyofuatiwa na filamu, inamhusu El Hadji, mfanyabiashara anayeoa mke wa tatu na kugundua usiku wa harusi kwamba amepatwa na laana ya kukosa nguvu za kiume. Udhaifu wa mwili wake unawakilisha udhaifu wa tabaka lake zima: watu waliokalia viti vya Wafaransa katika chumba cha biashara huku Mfaransa yuleyule akiwagawia mikoba iliyojaa noti. Binti yake, Rama, anamjibu kwa Kiwolof kila anaposemeshwa kwa Kifaransa. El Hadji mwenyewe anaiomba lugha yake siku anayofukuzwa na wenzake, na ananyimwa. Ameikumbuka akiwa amechelewa.

Filamu hiyo ilipata sehemu ya fedha zake kutoka shirika la sinema la serikali ya Senegali, na serikali hiyohiyo ikaamuru vipande kadhaa vikatwe. Sembène alijibu kwa kugawa vikaratasi vilivyowaeleza watazamaji ni sehemu zipi zilizoondolewa. Kwa njia hiyo mkasi wa mkaguzi wa filamu ukawa sehemu ya onyesho.

Mgogoro mkubwa zaidi ulihusu Ceddo (1977). Filamu hiyo inaturudisha katika karne za biashara ya watumwa. Imamu anajipatia nguvu katika baraza la mfalme, mmisionari Mkristo anangoja zamu yake, na mfanyabiashara Mzungu anabadilishana bunduki kwa watu. Ceddo, yaani watu wanaokataa kusilimishwa kwa nguvu, wanamteka binti mfalme. Wanaposhindwa, wananyolewa nywele na kupewa majina mapya. Katika tukio la mwisho binti mfalme anampiga imamu risasi mbele ya watu wote. Katika nchi ambayo idadi kubwa ya wananchi ni Waislamu, simulizi hiyo ilikuwa nzito, na Sembène hakuubagua Uislamu peke yake. Ukristo na biashara navyo vimesimama katika kizimba hichohicho.

Filamu ilipigwa marufuku nchini Senegali, na sababu rasmi haikuwa dini wala siasa bali tahajia. Kwa mujibu wa kanuni za serikali za kuandika Kiwolof, alizozitetea Rais Senghor mwenyewe, neno hilo lilipaswa kuandikwa kwa d moja. Sembène alisisitiza d mbili na hakukubali kubadilisha. Wachambuzi wengi wameona katika sababu hiyo kisingizio cha kuwaepusha watawala na ghadhabu ya viongozi wa dini. Hilo linawezekana sana, lakini kisingizio chenyewe kinastahili kuchukuliwa kwa uzito. Mzozo ulikuwa juu ya nani ana mamlaka juu ya lugha ya wananchi: rais msomi aliyeandika mashairi yake kwa Kifaransa, au mchukuzi wa zamani aliyechapisha gazeti la Kiwolof. Ceddo haikuonyeshwa kwa umma nchini mwake hadi baada ya Senghor kuondoka madarakani mwishoni mwa mwaka 1980.

7.0 Thiaroye na Miaka ya Mwisho

Miaka kumi na moja ilipita kabla ya filamu iliyofuata. Camp de Thiaroye (1988), aliyoiongoza pamoja na Thierno Faty Sow, inahusu mauaji ya tarehe 1 Desemba 1944 katika kambi ya Thiaroye, nje kidogo ya Dakar. Askari wa Kiafrika waliorejea kutoka katika kambi za mateka za Wajerumani walidai malipo yao. Jeshi la Ufaransa lilijibu kwa risasi. Taarifa rasmi ya Ufaransa ilitaja vifo 35, idadi ambayo wanahistoria wameipinga kwa muda mrefu wakisema ni ndogo mno. Sembène alikuwa ametumikia jeshi hilohilo mwaka huohuo. Filamu ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Senegali, Aljeria na Tunisia, bila fedha za Ufaransa. Chanzo hicho cha fedha ni sehemu ya maana ya filamu, kwa kuwa haingekuwa rahisi kuliomba dola lililoua ligharamie ushahidi dhidi yake. Nayo pia ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Venice. Ilipofika Novemba 2024, Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alikiri katika barua kwa Rais wa Senegali kuwa yaliyotokea Thiaroye yalikuwa mauaji ya halaiki. Filamu ilikuwa imelisema hilo miaka 36 kabla.

Katika Guelwaar (1992) Sembène alishambulia utegemezi wa misaada ya chakula, na katika Faat Kiné (2000) alimchora mwanamke anayeendesha kituo cha mafuta jijini Dakar na kulea watoto wake bila mume. Filamu yake ya mwisho, Moolaadé (2004), ilipigwa katika kijiji cha Burkina Faso na inapinga ukeketaji. Wasichana wanne wanakimbilia kwa Collé, ambaye anafunga kamba ya rangi mlangoni kuashiria hifadhi ambayo hakuna anayethubutu kuivunja. Wazee wa kijiji wanajibu kwa kukusanya redio za wanawake na kuzichoma mbele ya msikiti. Moto huo unaeleza vizuri imani ya Sembène juu ya vyombo vya mawasiliano: wenye nguvu huogopa zaidi kile ambacho mwanamke asiyejua kusoma anaweza kukisikiliza. Filamu hiyo ilitunukiwa huko Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard. Sembène alifariki Dakar mwezi Juni 2007, huku mradi wake wa miaka mingi wa kutengeneza filamu juu ya Samori Touré ukiwa haujatimia.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba kazi ya Sembène haiwezi kuelezwa kwa maudhui yake peke yake. Wasanii wengi wa kizazi chake waliupinga ukoloni na ukoloni mamboleo. Kilichomtofautisha ni kukataa kwake kutenganisha ujumbe na njia ya kuufikisha. Lugha, fedha, ukumbi na tahajia vilikuwa kwake masuala ya kisiasa yenye uzito uleule wa mgomo wa reli.

Ni kweli pia kuwa hakufaulu kikamilifu. Filamu zake nyingi zilipata tuzo Venice na Cannes kabla hazijapata majumba ya kudumu katika miji ya Afrika, na dola zote mbili, la kikoloni na lililo huru, zilibaki na uwezo wa kumfungia mlango. Lakini kutoka Diouana anayefikiri kwa Kifaransa cha kuazima hadi Collé anayewajibu wazee kwa lugha ya kijiji chake, kuna hatua ambayo sinema ya Afrika isingeipiga bila yeye. Tafiti zaidi zinahitajika kuhusu namna kazi zake zilivyopokewa nje ya maeneo yaliyotawaliwa na Ufaransa, hususani Afrika Mashariki, ambako Hawala ya Fedha inathibitisha kwamba suala la Dieng mbele ya dirisha la posta lilikuwa pia suala la wasemaji wa Kiswahili.